Daftari la kompyuta: kwa nini programu ya sataranji haisahau hatua iliyopita

Mwezi uliopita nilimwita kijana wa miaka 13 muongo mbele ya wenzake. Sikupaza sauti, lakini walisikia wote.

Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakusanyika na watoto wa mtaa kwenye ukumbi mdogo tulioazimwa, na mbao zetu nne za sataranji, au chesi kama wanavyoiita wenyewe shuleni. Kijana alikuja na mchezo aliotoka sare wiki hiyo. Akasema programu ya simu imemwonyesha kwamba pale alipokubali sare alikuwa mbele kwa thamani ya kitunda kimoja na nusu. Vitunda, kwa asiyejua, ni wale askari wadogo wa mstari wa mbele. Nikaupanga mkao uleule kwenye simu yangu, programu ileile. Simu yangu ikasema sifuri, hakuna aliye mbele. Nikamwambia asitie chumvi. Akanijibu, "Mwalimu, wallahi sikuongeza kitu," akakaa kimya hadi magharibi.

Usiku nikafanya alivyofanya yeye. Nikaupitisha mchezo wote hadi mwisho huku programu ikifikiri, kisha nikarudi nyuma hatua moja moja. Nilipoufikia ule mkao, simu yangu nayo ikaandika moja na ushei. Sikubadilisha kete hata moja. Jumamosi iliyofuata nilimtaka radhi mbele ya walewale, lakini maelezo sikuwa nayo, maana diploma yangu ya kompyuta niliichukua enzi za flopi na mambo haya hatukufundishwa. Nimeyatafuta tangu siku hiyo, na haya hapa.

Njia nyingi, mkao mmoja

Sataranji ikianza, mweupe ana hatua 20 za kuchagua na mweusi ana 20 za kumjibu. Hapo tayari ni njia 400. Mweupe akicheza tena zinakuwa 8,902, na mweusi akijibu zinafika 197,281. Lakini njia si mkao. Mweupe akisukuma kitunda hadi d4, mweusi akatoa farasi hadi f6, kisha mweupe akasukuma c4, ubao unakuwa sawasawa na wa yule aliyeanza na c4, akajibiwa kwa farasi, kisha akasukuma d4. Mtu anayetoka Mwembe Tayari kwenda Fort Jesus anaweza kupitia Marikiti au Makadara, na akifika mlangoni ni yeye yule. Ukihesabu mikao tofauti badala ya njia, zile 8,902 hubaki 5,362, na zile 197,281 hushuka hadi kama elfu 72. Kadiri unavyozama ndani, pengo hilo linapanuka.

Programu isiyoandika kitu itaupekua mkao mmoja mara kumi, mara mia, kila inapoufikia kwa njia nyingine. Dawa ni kuwa na daftari: ukishaupekua mkao, andika ulichokiona, na ukikutana nao tena soma badala ya kuanza upya. Programu ya kwanza ya sataranji kufanya hivyo ilikuwa Mac Hack ya Richard Greenblatt, iliyoandikwa MIT huko Marekani mwaka 1967, kwenye kompyuta ya PDP-6.

Mfano unaopendwa na waandishi wa programu ni mkao wa wafalme na vitunda unaohusishwa na Lasker na Reichhelm mwaka 1901, ambao Reuben Fine aliuweka kama picha namba 70 katika kitabu chake cha mwaka 1941. Vitunda vyote vimezibana, na wafalme wawili tu ndio wanaotembea. Mweupe anashinda kwa kusogeza mfalme kutoka a1 hadi b1, hatua ambayo ukiitazama huoni maana yake. Kwa sababu wanaotembea ni wafalme peke yao, mikao yenyewe ni michache, ila njia za kuifikia hazina idadi. Programu isiyo na daftari inazama humo. Yenye daftari hutoa jibu upesi hata kwenye kompyuta hafifu.

Kuna swali la kiufundi: daftari lenye mamilioni ya mistari linasomwa vipi kwa sehemu ndogo ya sekunde? Albert Zobrist wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alilijibu mwaka 1970, na jibu lake linatumika hadi leo. Kuna aina sita za kete kwa rangi mbili, jumla 12, na nyumba 64 kwenye ubao. Kila kete kwenye kila nyumba hupewa namba yake ndefu ya bahati nasibu, jumla namba 768, pamoja na nyingine chache za kuonyesha zamu ni ya nani na ruhusa maalumu zilizobaki, kama ile ya mfalme kupishana na ngome. Namba za kete zilizopo ubaoni huchanganywa kwa hesabu inayofanya kazi kama swichi ya taa: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Farasi akitoka g1 kwenda f3, programu haihesabu ubao mzima. Inabonyeza namba ya farasi-g1 ili itoke, inabonyeza ya farasi-f3 ili iingie, na inageuza zamu. Namba inayopatikana ndiyo anwani ya mkao huo, nayo inaelekeza moja kwa moja kwenye ukurasa wake daftarini.

Kinachoandikwa, na masharti yake

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa kijana. Sisi tunaona namba moja kwenye kioo, 1.5 au 0.0, tukadhani ndiyo hukumu. Daftarini namba hiyo haikai peke yake. Nitaitumia Stockfish kama mfano kwa sababu ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na ndiyo iliyomo ndani ya programu nyingi za simu. Mstari mmoja wa daftari lake una baiti 10 tu. Ndani ya baiti hizo mna kipande cha anwani cha kuhakikishia kwamba mkao ndio wenyewe, hatua bora iliyopatikana, thamani, makadirio ya awali, kina cha upekuzi uliofanywa, aina ya thamani, na umri.

Kina ni hatua ngapi mbele programu ilitazama kutoka pale. Thamani ya kina cha 8 na thamani ya kina cha 28 zinaweza kuwa za mkao mmoja na zisifanane hata kidogo. Kwa hivyo programu ikitaka jibu la kina cha 20 na daftari lina la 12, thamani ile haichukuliwi. Kinachochukuliwa ni hatua bora iliyoandikwa pale, ili ijaribiwe kwanza, na hilo si jambo dogo. Mbinu ya alfa-beta, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa programu hizi, hukata matawi yasiyo na faida, lakini hukata vizuri ikiwa tu hatua nzuri imejaribiwa mapema. Knuth na Moore walilichambua mwaka 1975. Chukua mkao wenye hatua 35 kila zamu, upekue zamu sita: bila kukata ni zaidi ya mikao bilioni 1.8, na kwa mpangilio mkamilifu ni kama elfu 86. Mstari wa zamani usiotosha kuwa jibu bado unatosha kuwa kidole cha kuelekeza.

Aina ya thamani inahitaji utulivu kidogo. Kwa kuwa alfa-beta huacha kupekua mara tu ikijua tawi halitachaguliwa, mara nyingi haipati thamani kamili. Inajua tu "si chini ya hapa" au "si zaidi ya hapa". Mchuuzi wa samaki akikwambia ameshapewa mia tano akakataa, bei yake hujaijua, ila umejua iko juu ya mia tano. Daftari lazima liandike ni ipi kati ya hizo tatu: kamili, ya chini, au ya juu. Asiyeandika atauza samaki kwa bei isiyokuwepo.

Mpinzani akishacheza

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Programu imefikiri sekunde thelathini, ikacheza, mpinzani akajibu. Ubao umesogea hatua mbili. Lile daftari lifanywe nini?

La kwanza linalokuja akilini ni kulifuta. Ni usafi, ila ni hasara. Kama programu ilipekua hadi kina cha 20 na mpinzani akacheza hatua iliyotarajiwa, basi mkao uliopo sasa ulishapekuliwa hadi kina cha 18 au karibu na hapo. Ndiyo maana ukitazama kioo unaona kina kikiruka hadi kumi na kitu mara tu zamu inaporudi, kisha kinaanza kutambaa. Upekuzi wenyewe huanza tena kutoka kina cha 1, kama kawaida yake, lakini kila inapopita inakuta mistari imeshaandikwa. Mwenye duka hachomi daftari la madeni kila anapofunga mlango jioni. Tena kulifuta daftari kubwa kunachukua muda, na kwenye mchezo wa haraka hata sehemu ya sekunde ina thamani.

La pili ni kuliacha lote lilivyo. Hili lina tatizo lililojificha zaidi. Daftari lina ukubwa wake na hujaa. Stockfish isipoambiwa vingine hutumia megabaiti 16, ambazo ni mistari 1,572,864. Unaweza kuona ni mingi, lakini hata simu ya kawaida inapekua mamia ya maelfu ya mikao kwa sekunde, kwa hivyo daftari hilo hujaa upesi. Likijaa, kuandika kipya ni kufuta cha zamani. Kanuni inayoonekana ya busara ni kulinda mistari yenye kina kirefu, maana iligharimu kazi zaidi. Lakini kitunda hakirudi nyuma, na kete iliyoliwa hairudi ubaoni. Mistari mingi ya kina kirefu kutoka hatua ya 15 inahusu mikao ambayo, tukiwa hatua ya 30, haiwezi kutokea tena kabisa. Ukiilinda kwa sababu ya kina chake pekee, daftari linajaa maiti, na mikao hai inakosa pa kuandikwa.

Waandishi wa programu walihangaika na hili kwa miaka. Suluhisho moja ni kuweka nafasi mbili kwa kila anwani: moja humlinda mwenye kina kirefu, nyingine humkaribisha kila mgeni. Mwaka 1994 Breuker, Uiterwijk na van den Herik, watafiti wa Uholanzi, walilinganisha kanuni mbalimbali, na ile ya nafasi mbili ikatoka mbele.

Suluhisho jingine ni umri, na hilo ndilo lililonivutia. Stockfish haifuti kitu kati ya hatua na hatua. Kila inapoanza kufikiri upya inaongeza namba moja ya kizazi, basi. Mstari unaoandikwa sasa unapigwa muhuri wa kizazi cha sasa, na mstari wa zamani ukisomwa na kuandikwa upya unapata muhuri mpya. Namba hiyo ina biti tano tu, kwa hivyo inahesabu vizazi 32 kisha inazunguka kuanza tena. Mistari imefungwa mitatu mitatu, na mgeni akija kwenye fungu lililojaa, programu inatazama nani atoke: inachukua kina cha kila mstari, inapunguza kulingana na vizazi vilivyopita, na mwenye alama ndogo kuliko wote anaondoka. Mstari wa kina cha 25 wa kizazi hiki haugusiki kirahisi. Wa kina hichohicho wa vizazi vitano nyuma unaweza kumpisha hata mgeni wa kina cha 4. Hakuna aliyepita kufagia daftari zima. Kila mstari unahukumiwa siku mgeni anapobisha hodi.

Hata muda wa mpinzani unatumika. Programu hubahatisha jibu lake na kuendelea kufikiri juu ya jibu hilo wakati yeye anakuna kichwa. Ikibahatisha sawa, imefaidi. Ikikosea, ilichoandika kimebaki daftarini, na sehemu yake huenda ikafaa.

Yale yasiyoandikika

Kuna mambo ambayo daftari hili halijui. La kwanza ni umbali wa kumfunga mfalme. Ukiandika "mfalme atafungwa kwa hatua 7" ukihesabu kutoka pale mchezo ulipo leo, zamu ijayo maneno hayo yatakuwa uongo, maana umeshasogea. Kwa hivyo programu huandika umbali kutoka kwenye mkao wenyewe, na huugeuza kila inapousoma. Waandishi wengi wa programu chipukizi hukosea hapa, na dalili yake inachekesha: programu iliyo na ushindi mkononi inazunguka, kila zamu ikijiahidi kushinda kesho.

La pili ni zito zaidi. Anwani ya Zobrist inaeleza kete zilivyokaa, haielezi zilivyofika. Lakini sheria za sataranji zinajali historia. Mkao ukirudiwa mara tatu ni sare ikidaiwa, na hatua 50 za kila upande zikipita bila kitunda kusogea wala kete kuliwa, hivyohivyo. Mkao mmoja unaweza kuwa ushindi kwa aliyeufikia mara ya kwanza na sare kwa aliyeufikia mara ya tatu, na daftari linawapa wote jibu moja. Tiba kamili ingekuwa ghali, kwa hivyo programu hukubali kasoro na kuiwekea uzio: hukagua marudio kabla ya kufungua daftari, na Stockfish huacha kuzitegemea thamani za daftari hesabu ya hatua 50 inapokaribia mwisho.

Programu za mtandao wa neva, kama Leela Chess Zero iliyoanza mwaka 2018 kwa kufuata nyayo za AlphaZero, zina tabia nyingine. Hizi hukuza mti wa uwezekano na kuhesabu kila tawi limetembelewa mara ngapi. Hatua ikichezwa, tawi lililochaguliwa linakuwa shina na mengine yanatupwa. Kinachobaki kinabaki na hesabu zake zote. Mpinzani akicheza hatua ambayo mti uliipuuza, shina jipya linakuwa jembamba na karibu kila kitu kinaanza upya.

Turudi ukumbini. Simu ya kijana ilikuwa imepita mwisho wa mchezo na kuandika yale yaliyoko mbele kwa kina kirefu. Aliporudi nyuma, kila hatua ilisoma maandishi ya hatua inayofuata, hivyo namba yake ilitoka mbali kuliko kina kilichoonyeshwa kwenye kioo. Yangu iliufungua mkao na daftari tupu na kutazama karibu. Zote mbili zilisema kweli kwa kadiri ya zilichokiona. Wachezaji wazoefu huchambua hivyo makusudi, kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Anayetaka kulinganisha simu mbili kwa haki afanye hivi. Kwenye mipangilio atafute neno Hash, aweke ukubwa uleule kwa simu zote mbili, na alifute daftari kabla ya kuanza. Kuanza mchezo mpya kwa kawaida hulifuta, kuusogeza ubao huku na kule hakulifuti. Aweke uzi mmoja wa prosesa, kwa sababu nyuzi nyingi huandika daftari moja kwa pamoja na anayetangulia kuandika hubadilika kila mara, kwa hivyo hata simu moja haitajibu sawa mara mbili. Na alinganishe kwa kina, si kwa sekunde, maana simu hazilingani nguvu.

Nilifanya hivyo kwa mkao wa kijana, mwisho wa ngome kwa ngome na vitunda vinne kwa vitatu. Nikafuta daftari, uzi mmoja, nikaiacha simu kwenye chaji. Dakika za mwanzo ilikaa kwenye sifuri. Nilipotoka kuswali isha nilikuta imeandika 1.4.

Sasa kwenye daftari lake la karatasi, kila namba anayonakili kutoka simu ameiwekea kina pembeni kwa kalamu nyekundu. Tuko ukumbini kila Jumamosi baada ya alasiri. Mbao bado ni nne, kwa hivyo mwenye wake aje nao.